Kikuku Kilichobisha Hodi

Mambo haya hayakutokea kwetu. Kwetu hayawezi kutokea, na anayebisha aandike barua, aipeleke kwa mjumbe wa mtaa igongwe muhuri, kisha akae asubiri majibu. Yalitokea katika Jamhuri ya Sitara, nchi ya watu wapole, yenye katiba fupi na hotuba ndefu.

Katika watu hao tumfuate mmoja tu, Bi Siwatu binti Mfaume, mjumbe wa Mtaa wa Chokaa. Kwa miaka ishirini na miwili muhuri wa mtaa ulilala chini ya mto wake. Unataka kuoa, unataka kuzika, unataka kuhamisha mbuzi kutoka kata moja kwenda nyingine, lazima upite kwa Bi Siwatu. Naye alikuwa na utaratibu wake. Ukimletea barua, hukukazia macho na kukwambia, "Isome mwenyewe, kwa sauti. Nataka nisikie kama unalielewa jambo lako." Unasoma, yeye ameinamisha kichwa, ukimaliza anauliza swali moja kali, kisha pa! muhuri. Mtaa mzima ulimsifu kwa umakini. Hakuna aliyewahi kushuku kwamba Bi Siwatu hakujua kusoma hata herufi moja.

Hiyo ndiyo siri pekee aliyokuwa nayo duniani, na aliitunza kwa gharama kubwa ya uongo mdogo mdogo. Alikuwa na miwani ambayo, kila ilipotokea karatasi ya haraka, ilikuwa imesahaulika mahali. Alijua kwamba siku siri ikitoka, muhuri utaondoka nayo, na barua zote za miaka ishirini na miwili zitachekwa moja baada ya moja. Aliliogopa hilo kuliko kifo.

Kisha ikaja homa ya kwikwi.

Mtu alianza na kwikwi tatu, wenzake wakacheka wakamwambia kuna anayemtaja. Jioni joto lilipanda, na kufika asubuhi nyumba nzima ilikuwa ikishtuka-shtuka. Wengi waliugua siku tisa wakapona. Wengine hawakupona, nao walizikwa na watu wanne tu, jambo ambalo Sitara haikuwahi kuliona, maana huko hata jogoo akifa jirani hupita kutoa pole. Watu waliogopa kwelikweli. Waliacha kukaribiana, wakavaa barakoa, na kwa Bi Siwatu barua zikaanza kupenyezwa chini ya mlango.

Hapo ndipo mambo yalipomfika shingoni. Barua iliyopita chini ya mlango haina mwenyewe wa kuisoma kwa sauti. Kwa wiki nzima aligonga muhuri na kurudisha barua kwa kubahatisha, na matokeo yake mzee mmoja aliyeomba kibali cha kwenda hospitali akapewa ruhusa ya kuchimba choo. Mzee hakulalamika, alidhani ndiyo matibabu mapya. Bi Siwatu hakulala siku mbili kwa uchungu. Siku ya tatu, saa kumi alasiri, wakati mtaa umejilaza, alifunga barakoa yake vizuri, akapita uwazi wa ua nyuma ya nyumba, akaenda kwa Mwalimu Shaweji.

Mwalimu Shaweji alikuwa mstaafu, mjane wa miaka mingi, na yeye na Bi Siwatu walikuwa na ugomvi uliojulikana hadi kata ya pili. Mpapai wa Mwalimu uliinamia ua wa Bi Siwatu na kuangusha mapapai upande wake, na kwa miaka sita walikuwa wakibishana papai lililoanguka ni la nani. Bi Siwatu alimchagua yeye kwa sababu hiyo hasa. Adui wa mpapai hakuna ambaye angemdhania.

"Mwalimu," alisema akiwa bado kizingitini, "ukicheka, naondoka."

Mwalimu Shaweji hakucheka. Alivuta kigoda, akapangusa ubao wa zamani kwa mkono wa shati, akaandika herufi moja kubwa. "Hii," alisema, "inaitwa a. Tutaanza na yeye, hana matata."

Tangu hapo, kila Jumatano na kila Jumamosi, saa kumi, Bi Siwatu alikuwa mwanafunzi.

*

Huku nyuma Serikali nayo haikulala. Waziri wa Afya, Ustawi na Kujua Mambo, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Pazi Kilindo (uprofesa alitunukiwa na chuo kilichoomba kisitajwe), alisimama redioni akatangaza vita.

"Wananchi!" alinguruma. "Adui huyu hana kitambulisho! Hana anwani! Hana simu! Basi, kwa kuwa yeye hafuatiliki, tumeamua kuwafuatilia ninyi!"

Watu walipiga makofi. Lilikuwa jambo la busara, likisikika harakaharaka.

Hivyo kila raia akafungwa Kikuku cha Uzalendo. Kilikuwa cha plastiki ya kijani, cha kuvaa mkononi, kisichofunguka isipokuwa kwa ufunguo uliokuwa wizarani, katika droo ambayo ufunguo wake ulipotea. Kikuku kilijua ulipo, uliye naye, umbali wenu, joto lako na mapigo ya moyo wako. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya kisheria. Ibara ya Kwanza ya Katiba ya Sitara, ambayo kwa kweli ndiyo ibara pekee watu wanayoikumbuka, inasema: *Hataingia mtu pa mtu pasipo hodi.* Wanasheria wakasema kikuku kinaingia pa mtu. Waziri akakasirika siku tatu. Katibu wake, mtu mtulivu aliyewajua wananchi, akamwambia, "Mheshimiwa, kwani tatizo liko wapi? Na kibishe hodi."

Kikawekewa sauti ya shemeji yake Waziri, aliyeshinda usaili alioufanya peke yake. Kila baada ya saa moja kikuku kilisema kwa upole, "Hodi!" Na hapa, msomaji, lazima uwajue watu wa Sitara. Mtoto wao hujua kuitikia hodi kabla hajajua jina la baba yake. Hodi ikipigwa, hata mtu awe ana tonge mdomoni, ana ugomvi, yuko chooni, mdomo wake hujibu wenyewe, "Karibu!" Na kikuku, kwa kuwa kimekaribishwa, kiliingia na kuchukua kila kilichokuwemo. Usiku watu waliitikia usingizini. Bubu mmoja wa Kata ya Pili aliitikia kwa mkono, ikahesabiwa.

Waziri akautangazia ulimwengu kwamba katika Sitara raia wote, mia kwa mia, wanakubali kuchunguzwa kwa hiari yao na kwa bashasha, mara ishirini na nne kwa siku.

Wizara ilifanya hata utafiti wa maoni. Swali la kwanza liliuliza, "Je, unakubali jirani yako afuatiliwe?" Asilimia tisini na nane walisema ndiyo, wengine wakaongeza majina. Swali la pili liliuliza, "Na wewe je?" Asilimia tisini na nane waliuliza, "Kwani mimi nimefanya nini?" Wizara ikajumlisha majibu yote mawili upande wa ndiyo.

Mtu mmoja tu alinyoosha kidole. Nesi Mboni, wa zahanati ya Chokaa, alisema mkutanoni, "Mheshimiwa, mngenituma mimi nikawaulize watu, wangeniambia."

"Nesi," Waziri alimjibu kwa huruma, "unataka turudi enzi za kuulizana?"

Taarifa za vikuku zilibandikwa kila asubuhi kwenye Ubao wa Uwazi, chini ya mwembe wa soko la kila mtaa, ili kila mtu ajue nani alikaribiana na nani na ajihadhari. Kabla ya jua kuwa kali, umati ulikuwa umebanana hapo, bega kwa bega, pumzi kwa pumzi, ukisoma nani alikaribiana na nani. Wagonjwa wakazidi. Wizara ikachukua hatua na kusimamisha ubao wa pili, wa majina ya watu waliosongamana kwenye ubao wa kwanza, nao ukapata wasomaji wengi zaidi.

*

Kila kikuku kilitoka na kitabu chake, *Kanuni za Kikuku*, kurasa sitini na nne, maandishi madogo. Kila raia alitakiwa kukisoma na kutia sahihi. Wananchi wa Sitara ni watu waliosoma, hivyo hawakukisoma. Walitia sahihi ukurasa wa mwisho, kurasa nyingine wakazifungia karanga. Waziri mwenyewe alitia sahihi nakala ya kwanza mbele ya wapiga picha, na wino haujakauka akauliza gari liko wapi.

Lakini Mwalimu Shaweji hakuwa na kitabu kingine cha kufundishia. Vyake vya zamani vililiwa na mchwa. "Tutasoma hiki," alisema. "Hakina utamu, lakini kina herufi zote."

Bi Siwatu akakisoma. Kidole juu ya mstari, jasho puani, aliyavuka maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ba-ra-za. Mu-hu-ri. Jumatano moja, ukurasa wa arobaini na moja, alikutana na neno *yatakayoshughulikiwa*. Alianguka nalo mara nne. Mara ya tano alilimaliza bila kupumua, akainua uso, na moyo wake ulikuwa ukipiga hadi akausikia masikioni.

"Hilo," alisema Mwalimu, "hata mkaguzi wa elimu lilimshinda mwaka ule." Kikuku kikabisha hodi hapohapo, na wote wawili, kwa furaha, wakaitikia.

Asubuhi ya Alhamisi Bi Siwatu alipita sokoni. Kwa kawaida ubao ulisomwa kwa sauti na jirani yake Bi Kazija, mwenye sauti nzuri na moyo wa kujitolea. Siku hiyo Bi Kazija alikuwa kimya. Umati wote ulikuwa kimya, ukimtazama yeye. Bi Siwatu akautazama ubao, na kwa mara ya kwanza maishani mwake yale madoa yakakaa sawa, yakamwita. *Si. Wa. Tu.*

Alikuwa amesoma jina lake! Furaha ilimpanda kifuani kiasi kwamba alikaribia kumwambia aliyesimama naye. Kisha jicho likaendelea mbele, maana jicho likishajua kusoma haliambiwi basi.

*Siwatu Mfaume na Shaweji Kigoda. Chumbani. Muda: saa mbili na dakika kumi. Umbali: sentimita arobaini. Mapigo ya moyo: ya juu sana.*

"Mwenzangu," Bi Kazija alisema taratibu, "na ule mpapai je?"

"Mpapai upo."

"Naona sasa umezaa."

Soko zima likaangua kicheko. Bi Siwatu aliondoka amenyooka, na nyumbani akakaa chini nyuma ya mlango akalia.

*

Kicheko si kitu, kicheko hupita. Kilichofuata ni barua ya kata. Kwa kuwa mapigo ya juu ni dalili ya kwikwi, na kwa kuwa wawili hao hawakuwa wagonjwa, walitakiwa kueleza hadharani walikuwa wakifanya nini hata mioyo ikapiga hivyo. Na kwa kuwa Waziri angekuja Jumamosi kuipa Kata ya Chokaa tuzo ya kuitikia vizuri kuliko kata zote, maelezo yangetolewa mbele yake.

Mwalimu Shaweji alikuja hadi uani, upande wake wa mpapai.

"Bi Siwatu, nimefikiri. Nitasema tunapendana. Watu wameshaamua hivyo, hatutawasumbua. Wewe ubaki na muhuri wako."

"Na jina lako?"

"Mimi ni mzee, na wazee wenzangu wataniheshimu zaidi."

Bi Siwatu alicheka bila kutaka. Halafu akaona aibu, kwa sababu mtu huyu alikuwa tayari kusema uongo ili uongo wake yeye usimame. "Nipe siku moja," alisema.

Alasiri ya Ijumaa alikifungua kitabu peke yake, bila Mwalimu, ili kutuliza mawazo tu. Alisoma hadi ukurasa wa hamsini na saba. Hapo, kwenye kifungu cha mia moja na kumi na nane, kidole chake kikasimama. Alikirudia mara tatu. Kilisema kile ambacho kila mtu wa Sitara anakijua kuhusu milango, ila hakuna aliyefikiri kinaihusu Serikali.

Kikuku kilipobisha hodi saa kumi na moja alitaka kujaribu kunyamaza. Mdomo ukaitikia kabla yake. Saa kumi na mbili alijaza maji mdomoni, akayameza, akaitikia. Akafahamu kwamba kufuli la kile kikuku halikuwa kwenye plastiki.

*

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Viti viliwekwa mita mbili mbili, na kila mtu alikisogeza chake karibu na mwenzake ili asikie vizuri. Jukwaani palikuwa na runinga kubwa ya kuonyesha taarifa za vikuku zinavyoingia, kwa fahari ya kata. Waziri alivaa kikuku chake mwenyewe, cha rangi ya dhahabu, maana alipenda kuongoza kwa mfano. Zilibaki dakika chache kufika saa nne.

"Bi Mjumbe," alisema Waziri kwa kicheko cha hisani, "taifa linasubiri. Moyo wako ulipigwa na nini?"

Mwalimu Shaweji aliinuka. Bi Siwatu alimwonyesha kwa mkono akae.

"Neno," alisema.

"Neno gani? La mapenzi?"

"*Yatakayoshughulikiwa.*" Alivuta pumzi. "Mheshimiwa, na ninyi majirani zangu, miaka ishirini na miwili nimewagongea muhuri na sikujua kusoma. Barua zenu mlizisoma wenyewe, mimi nilisikiliza. Nilikwenda kwa Mwalimu kujifunza. Mzee Bungara, kile choo, unisamehe."

Bi Kazija alifungua mdomo, ukabaki wazi. Kutoka nyuma mzee Bungara alisema, "Choo ni kizuri, mwanangu."

"Na kwa kuwa kitabu tulichokuwa nacho ni hiki," Bi Siwatu aliendelea, akitoa *Kanuni* kutoka kwenye kanga, "nimekisoma. Nawaomba mnisikilize nami nisome kwa sauti, mwone kama nalielewa jambo langu."

Akaweka kidole. Alisoma polepole, neno moja baada ya jingine, na hakuna aliyemharakisha.

"Ki-fungu cha mia moja na kumi na nane. *Kikuku kikibisha hodi mara tatu, na mwenyewe asiitikie, kitahesabu kuwa hakukaribishwa, nacho kitafunguka na kuondoka.*"

Waziri alimgeukia Katibu. "Nani kaweka hicho?"

"Wanasheria, Mheshimiwa. Ndiyo desturi ya hodi. Nawe ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi! Nani kasema nilisoma?"

"Jamani," Bi Siwatu alipaza sauti, "inakaribia saa. Shikeni vinywa!"

Watu mia tatu wakaziba vinywa kwa viganja juu ya barakoa. Saa ikagonga, na uwanja mzima ukasema kwa sauti ya shemeji, "Hodi!"

Uso kwa uso watu walitazamana, macho yamewatoka kwa adabu iliyozuiliwa. Mtu mmoja wa nyuma alifika "Ka—" mkewe akamziba. Hata hivyo sauti moja ilitoka, nzito, ya mtu aliyelelewa vizuri na mama yake.

"Karibu!" alisema Waziri.

Runinga ikawaka. *Pazi Kilindo. Jana, saa nane hadi saa moja usiku. Shambani kwake. Arusi ya bintiye. Watu mia nne na kumi. Umbali: hakuna. Joto: la juu.*

"Hiyo ni hitilafu," Waziri alisema, "ya — kwik — ya mitambo!"

"Hodi!" ya pili. Kimya. "Hodi!" ya tatu. Kimya kikatanda, na ndani yake kikasikika kitu kidogo, klik, halafu vingine mia tatu. Vikuku vikaanguka mavumbini, kila kimoja miguuni pa mwenyewe. Nesi Mboni ndiye pekee aliyemkimbilia Waziri, akamkalisha, akamwekea kitambaa cha maji na kumuuliza alianza kusikia kwikwi lini. Waziri akamwambia yote bila kuficha.

*

Habari ilienea kata kwa kata kwa njia ambayo Sitara ilikuwa nayo kabla ya vikuku. Wizara ilitangaza kwamba tangu Jumamosi hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeonekana kwenye mitambo, ikajipongeza, na Waziri akapona siku ya tisa akapewa nishani.

Nesi Mboni alipita nyumba kwa nyumba na daftari. Alibisha hodi, akakaribishwa, akauliza, akaambiwa nani alimtembelea nani, na mengine ambayo hakuyauliza kabisa. Daftari lilirudi mkobani kila jioni na halikubandikwa popote. Homa ikapungua kabla ya mvua.

Muhuri wilaya iliuchukua, kama Bi Siwatu alivyojua itakavyokuwa. Uliwauma watu kidogo, yeye ulimuuma sana. Mjumbe sasa ni Bi Kazija, ambaye kusoma anajua tangu zamani na kwa hiyo hana haja ya kusoma. Watu wakitaka kugongewa barua hupita kwanza kwa Bi Siwatu, naye huisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini, huwaambia imesema nini, ndipo wanaipeleka kwa mjumbe.

Jumatano ya kwanza baada ya mkutano ule hapakuwa na somo. Kitabu kilikwisha. Bi Siwatu alikuwa amekaa ukumbini na miwani yake, ambayo sasa haisahauliki, aliposikia hatua kwenye mlango wa mbele, mlango ambao Mwalimu Shaweji hakuwahi kuupita. Alichungulia dirishani. Mwalimu alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na ameshika papai.

"Hodi!"

Bi Siwatu hakuitikia. Siku hizi alikuwa amejifunza.

"Hodi, Bi Siwatu!"

Alijiweka kanga sawa kichwani. Nje, upande wa pili wa mlango, mzee wa watu alikuwa akikohoa kujipa moyo kwa hodi ya tatu, na baada ya ya tatu, kama kila mtu wa Sitara anavyojua, mgeni hugeuka akaenda zake.

"Karibu," alisema Bi Siwatu.

Moyo wake ulipiga mara ngapi wakati huo, haijulikani. Hapakuwa na aliyeuhesabu.